Pipa la Kumi na Mbili

Kosiya alikuwa dereva wa lori la dawa za wadudu, na hapa Bwera wengi tulimchukia. Kutoka Kasese hadi mpakani hapakii mtu, hata padri. "Gari ya sumu haibebi mutu," basi. Hasimami penye moto. Akifika anakagua vifuniko vya mapipa kimoja kimoja, kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto.

Kilichotuudhi zaidi ni sururu yake. Wachuuzi wakishamimina dawa kwenye chupa zao, Kosiya alitoboa kila pipa tupu. Mapipa ya buluu, mazito, yenye kifuniko! Hapa kwetu pipa kama hilo ni mali: la maji, la mawese, la pombe ya harusi. Kaswera, Mkongomani muuza mawese, alikuwa akilia kabisa.

"Papa Kosiya, niachiye hata moja! Tutasugua na majivu, itakuwa safi."

"Majivu haijui kusoma," alijibu, akionyesha fuvu kwenye lebo.

Mimi ni Musimenta, nina hoteli ndogo kando ya maegesho ya malori. Siku moja afande alimwita Kosiya akaonyeshe karatasi za mzigo, kazi ya kutoboa haijaisha. Nikalivuta pipa la mwisho hadi nyuma ya jiko. Aliporudi akahesabu: kumi na moja. Akaniuliza. Nikamwapia Mungu kwamba sijaona kitu. Ptu! Nikikumbuka kiapo kile najitemea mate mwenyewe.

Nilisugua kwa majivu siku mbili, nikabandua lebo, nikamwaga maji ya moto. Harufu ilibaki kidogo. Nikasema itaisha, nikajaza maji ya kunywa.

Safari iliyofuata Kosiya alikuja na mzigo, akaketi, akaagiza bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki. Binti yangu Vasta, mwenye mimba ya miezi saba, alimletea maji, naye mwenyewe akinywa kikombe chake. Kosiya akanusa. Hakunywa. Alinitazama kwa kinyaa, yaani kama mtu aliyekanyaga mavi.

"Mama Vasta, pipa iko wapi?"

Nikatupa jicho nyuma ya jiko. Akachukua sururu garini, akaenda nyuma mwenyewe, nikasikia pigo moja. Maji yakatiririka hadi miguuni mwangu, yananuka, na safari hii niliisikia harufu vizuri sana. Nilipogeuka, Vasta alikuwa ameinama, udende unamtoka, anatapika.

"Mpakie kwenye lori, Kosiya, nakuomba!"

"Lori imejaa sumu, mama! Unataka kumuongezea?" Akaita boda kwa sauti kubwa, akambeba Vasta mikononi, akapanda nyuma yake kumshikilia; mimi nikafuata na boda nyingine.

Hospitalini nesi aliuliza maji hayo ameyanywa kwa nani. Kosiya alijua, akanigeukia. Ilibidi niseme mwenyewe, foleni nzima inasikia: "Kwangu."

Vasta alipona. Mtoto tulimzika Kyarumba, kwa kina baba yake. Kosiya alikuja mazikoni; niliporudi Bwera nilikuta ameniachia sururu yake mlangoni pa hoteli.

Matanga hayajaisha, Kaswera akaja kunipa pole. Alilia nami, alilia kweli, nikamshika mkono. Kisha akafuta macho, akachungulia nyuma ya jiko.

"Mama, ile pipa... tundu iko moja tu? Hiyo inazibika."

Nikainuka, nikaenda kuchukua sururu.