Siku Koneti Yangu Ilipoingiza Bendi ya Kanisa Baa

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na mpaka leo nikisikia bendi ya kanisa ikipita Jumapili asubuhi shingo inaniwaka moto, lakini kwa vile mmeniuliza, acha niseme, ninyi chekeni tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kibarua wa kiwanda cha mabati, naishi mtaa wa Kayole, na kwenye bendi ya kanisa napiga matoazi (mwaka wa nne huo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka). Koneti za kanisa (zile kama tarumbeta, ila fupi) zilikuwa tatu, na wenye kuzipuliza walikuwa hawaugui wala hawahami. Ndipo bandimasta wetu, Mzee Wekesa, akaniambia, "Wewe kijana, ukileta koneti yako mwenyewe, Jumapili ya mavuno utatembea mstari wa mbele." Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Nikaipata soko la Gikomba kwa jamaa wa vyuma vya mitumba, imebonyea kidogo, lakini vali zake, vile vibonyezo vya vidole, zilikuwa laini mpaka nikazibonyeza nikicheka peke yangu. Haikuwa na kile kikombe cha kupulizia, basi jamaa akamwaga kopo lake la vikombe nichague. Kimoja kilikuwa kidogo, kimechujuka, kikaingia sawasawa. Kingine kilikuwa kikubwa, kizito, kinang'aa kama kijiko cha wageni.

"Buda, hiyo ni ya tarumbeta, haiwezi ingia hapo," akaniambia. "Shika hii ndogo."

Nikashika kile cha kung'aa. Nilitaka watu wanione kutoka mbali.

Kweli haikuingia. Lakini mtu anayeshinda na chuma kutwa nzima ashindwe na kijibomba cha shaba? Nikakipiga tupa, nikakipiga tena, kikaingia, kisha kikaanza kulegalega (nilizidisha, nakubali), nikakizungushia uzi wa nailoni mpaka kikatulia, nikapuliza, ikatoka sauti tamu hata jirani akafungua mlango kuangalia ni nani.

Sasa, desturi yetu ni kuzunguka mtaa tukipiga, kuwaita watu kanisani, na Mzee Wekesa ana sheria moja: mgongo wa aliye mbele yako ndiyo barabara yako. Yeye huwa mbele na fimbo yake, hageuki. Jumapili ile ya mavuno nilikuwa mstari wa mbele, ukingo wa kulia, kifua nje, nina furaha ya bwana harusi, na nyuma yangu safu nzima imekodolea macho mgongo wangu. Tukafika pale kwenye wimbo koneti zinapopumzika, nikaishusha yangu, na kile kikombe kikachomoka, kikagonga lami, kikabingirika kuelekea kichochoroni.

Mwenye akili angetoka kwenye mstari akakiokota. Mimi nikaona haya, nikaamua kukifuata kwa gwaride, kushoto kulia, kana kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Kikabingirika, nami nikafuata, kikapita chini ya pazia la mlango mmoja, nikaingia, nikainama, nikakiokota kwa furaha, na nilipoinuka nikasikia ngoma kubwa mgongoni kwangu.

Safu yote ilikuwa imeingia. Saksafoni, trombone, mpaka mama wa ngoma, wanapiga wimbo wa mavuno katikati ya meza za baa, na kwetu hata kusimama kwenye veranda ya baa unaitwa kikao cha wazee wa kanisa ujieleze. Mlevi mmoja aliyekesha pale akasimama, akavua kofia. "Leo Mungu ametufuata mpaka huku," akasema, na wenzake wakaitikia amina. Nje, nusu ya Kayole ilikuwa imejaa mlangoni ikijishika mbavu.

Watu wakapisha, Mzee Wekesa akaingia. Akatutazama, akakitazama kile kikombe mkononi mwangu.

"Kuongoza watu unaweza," akasema polepole. "Shida ni unakowapeleka."

Nikarudishiwa matoazi palepale mlangoni mwa baa, nikayapiga mpaka kanisani machozi yakinilengalenga, na mstari wa mbele sikuuona tena kwa miaka miwili. Siku hizi kitu kikinianguka mbele za watu, nasimama, nasema samahani, naangalia kwanza nani yuko nyuma yangu, ndipo nainama.