Mtu wa Pili

Kwa miaka sita Makena hakuwahi kubaki peke yake na ile gesi. Sheria ya maabara yao, huko Fridley, ughaibuni, ilikataza. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Inakuua huku ukidhani ni usingizi. Kwa hiyo kila mtungi ulipofunguliwa, ilibidi awepo mtu wa pili.

Mtu wa pili alikuwa Bagalwa, Mkongomani wa Bukavu. Makena alikicheka Kiswahili chake wiki nzima ya kwanza, naye Bagalwa akakicheka cha kwao Meru vilevile. Walikuwa wakiingiza monoksidi na gesi nyingine, ethilini, kwenye chungu cha chuma chenye chembe za metali ya paladiamu, na paladiamu ikizishona: moja ya huku, moja ya kule, bila kukosea zamu, hadi ukapatikana unga mweupe wa plastiki ngumu ya kutengenezea gia. Kazi hiyo ilichukua saa nne. Wangefanya nini saa nne zote kama si kupiga soga? Nyumbani kwa Makena, Inver Grove Heights, kulikuwa na televisheni na kochi lililobonyea upande mmoja tu.

Mwezi wa Machi kampuni ikaleta mtambo wa ulinzi: vipima gesi ukutani, na kidude cha kuvaa kifuani. Usipokibonyeza kwa dakika ishirini, unapigiwa simu. Mtambo ukifaulu majaribio, mtu mmoja angetosha. Na wa kuuidhinisha ni Makena mwenyewe.

Aliujaribu mara tatu. Mara zote ulilia mapema, kabla gesi haijafikia kiwango cha hatari. Hata hivyo alikaa na fomu ya idhini siku mbili bila kuitia sahihi. Kuandika kwamba una kasoro kungekuwa rahisi. Nani angebishana na fundi wa miaka sita?

“Dada Makena,” Bagalwa alimwambia siku ya tatu, “tia ile signature. Batanipeleka équipe ya asubuhi. Sasa nafikaka ku nyumba, batoto bamekwisha lala. Gentille, bibi yangu, anasema nimekuwa mpangaji.”

“Sema shift, wewe na Kifaransa chako. Nita-sign, wacha pressure.”

Akatia sahihi, na ilimuuma sana. Alijua anajitia upweke kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata alifungua mtungi bila mtu wa kumtazama. Dakika ya kumi na tisa kidude kikatetemeka kumkumbusha. Hakukibonyeza. Aliona ni ujinga, mwanamke wa miaka arobaini na minane, lakini alitaka tu mtu amjulie hali. Simu ikalia. Akaipokea upesi, salamu ikiwa tayari mdomoni.

Ilikuwa sauti ya mashine. Kama uko salama, ilisema, bonyeza moja. Kama unahitaji msaada, bonyeza mbili.

Makena aliitazama ile mbili kwa muda. Kisha akabonyeza moja, akarudi kuangalia kipimo cha presha.