Nimefundisha verb phrase na kibao ya chapati

Leo nimefundisha Kiingereza Karatina, na nyinyi mliomaliza fomu foo mko hapo tu.

Mwalimu aliita wazazi waonyeshe kazi zao, watoto wataje verb. Dada yangu ako kazini, nikaenda mimi, fundi wa chapati, na kibao, unga na kaango.

Mpwa wangu Shiru akaninong'onezea: "Anko, tafadhali usiongee Kiingereza."

Nikiwa nasukuma chapati, si mwalimu ananiuliza verb phrase ni nini, mbele ya darasa lote. Shiru akaficha uso kwa dawati.

Sikujua, ukweli usemwe. Nikaendelea kusukuma chapati, nikauliza watoto, "Nafanya nini?"

"He is rolling."

"Na kama nilianza asubuhi?"

"He has been rolling."

Mwalimu akaandika yote ubaoni, akasema hizo ndizo verb phrase.

Tukitoka, Shiru alibeba kaango yangu yenye masizi, akapita katikati ya uwanja polepole, kila mtu aone.

Mwenye swali aulize.