Saa Tuliyochangia Darasa la Pili

Kwa siku nne nzima, darasa la pili katika shule ya binti yangu liliishi nyuma ya shule nzima kwa dakika ishirini.

Si utani. Wenzao wakirudi kutoka mapumzikoni, wao ndiyo kwanza wanatoka. Saa ya kwenda nyumbani shule inabaki tupu, wao bado wamekaa wanakariri kuzidisha kwa tatu.

Kwenye kundi la wazazi minong'ono ikaanza. Mmoja akaandika kwamba saa iliyotundikwa mle darasani ina jini. Mwingine akashauri iombewe.

Mimi nilizisoma zile meseji nikiwa saluni kwangu, kitana mkononi. Saa ile ilitoka sebuleni kwangu. Na jini mwenyewe ni mimi, ila siku hiyo nilikuwa sijajua bado.

Ngoja niwaeleze.

Kengele ya shule ilikuwa imeharibika. Mwalimu mkuu akaagiza kila darasa liwe na saa yake ukutani, na kwa kuwa walimu hawaruhusiwi kuingia na simu darasani, hiyo saa ndiyo ingeamua kila kitu. Mwalimu wa darasa la pili, binti mpole aliyeanza kazi mwaka huu, akaweka orodha kwenye kundi. Chaki, ndoo, mafagio, saa ya ukutani, kila mzazi achague cha kuchangia.

Mimi na kiherehere changu nikawa wa kwanza.

"Saa niachieni mimi!"

Nikaweka na vikopa vitatu vyekundu. Halafu nikasahau.

Siku ya mwisho ya kupeleka vitu, nilikuwa saluni tangu alfajiri na bibi harusi asiyeridhika na chochote. Mume wangu akanipigia.

"Mama Watoto, saa ya shule umeiweka wapi?"

"Mungu wangu! Sijanunua."

"Basi tulia. Nilijua tu. Nimeitoa ile ya sebuleni, nimeshampa mwalimu. Yetu tutanunua nyingine."

Simu nusura inidondoke kwenye beseni la maji.

Sasa lazima mumjue huyu mume wangu. Ni dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda, na kazini wanamwita Sekunde, kwa sababu katika miaka tisa hajachelewa hata siku moja. Ana cheti cha kuwahi, kakitia kwenye fremu. Mgeni akija kwetu, kabla hajamaliza soda, lazima apewe hotuba.

"Kuwahi ni damu, ndugu yangu. Hufundishwi."

Damu gani? Tulipooana, huyu mtu alichelewa harusi yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa ndoa akapewa barua ya onyo kazini: akichelewa tena, aende zake. Sikumgombeza. Nilipanda kiti, nikaisogeza saa ya sebuleni mbele dakika ishirini, nikashuka, nikaendelea kumenya vitunguu.

Sekunde akazaliwa siku hiyo.

Miaka tisa hakuna aliyeruhusiwa kuigusa saa ile. Betri nabadilisha mimi, vumbi nafuta mimi. Najua mnauliza, na simu je, haangalii? Nilijiambia asubuhi ana haraka, haangalii. Nilitaka kuamini hivyo, nikaamini.

Na sasa saa imekwenda kutundikwa mbele za watu! Mwalimu akigundua tu kwamba iko mbele dakika ishirini, atamwambia aliyeileta. Sekunde hesabu anazijua. Angeelewa hapo hapo kwamba lile jina analotembea nalo kifua mbele ni kazi ya mkewe, na kwamba kwa miaka tisa nimemwendesha kama mtoto wa chekechea. Wazazi wenzetu nao wangemcheka mpaka kiama.

Nampenda yule mwanaume, jamani. Hata majivuno yake nayapenda. Sikuwa tayari aumbuke.

Kesho yake asubuhi na mapema nikanunua maboksi mawili ya chaki, nikaenda shuleni. Simu nikaiacha getini kwa mlinzi, ndiyo utaratibu wao.

"Mama, chaki tena? Na saa mmeshaleta!" Mwalimu alifurahi mpaka nikaona aibu. "Subiri nikuletee kitabu cha wachangiaji usaini."

Alipotoka tu, nikapanda dawati. Dawati likalia kriiii.

Nikalishangaa. Mimi wala si mzito. Mizani yetu ya bafuni inasoma kilo sitini na nane, na haijapanda tangu nijifungue mtoto wa pili, mwaka wa tatu sasa. Nguo ndizo zinazobana, lakini hizo ni sabuni za siku hizi, zinasinyaza vitambaa.

Nikaishusha saa, nikazungusha kile kidude cha nyuma, nikairudisha nyuma dakika ishirini kamili. Sikulinganisha na saa nyingine yoyote. Ya nini? Ile saa naijua kuliko aliyeitengeneza. Nikasaini kitabu, nikaondoka kwa maringo kama mtu aliyeokoa taifa.

Siku hiyo hiyo ndipo jini lilipoanza kazi.

Mwanzoni mwalimu alidhani watoto wanaandika polepole. Baadaye akadhani madarasa mengine yanatoroka vipindi. Mpaka siku ya nne, mwalimu mkuu alipomkuta na darasa lake wanaimba wimbo wa kuagana, uwanja mzima hauna mtu. Akatuita wazazi wote wa darasa la pili siku iliyofuata.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Sekunde alikuwa pembeni yangu, shati limenyooshwa, tumefika kabla ya wote kama kawaida yake. Ukuta wetu wa sebuleni ulikuwa na msumari mtupu wiki nzima, na bado mume wangu hajachelewa popote. Hilo lingenifungua macho, kama ningekuwa na akili siku hizo.

Mwalimu mkuu akainyanyua saa.

"Hii saa imemtia mwalimu wenu matatani. Nimeanza kumwandikia barua ya onyo. Iko nyuma dakika ishirini! Nani aliileta?"

Nyuma, tena ishirini kamili? Ilikuwa mbele ishirini, nikatoa ishirini. Inakuwaje nyuma?

Mume wangu akasimama.

"Mimi, mwalimu. Ila haiwezi kuwa nyuma. Niliirekebisha kwa mkono wangu kabla sijaileta. Ilikuwa..."

Akakatisha. Akageuza shingo taratibu, akanitazama.

Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Alikuwa anajua! Aliirudisha sawasawa yeye, nikaja mimi na kimbelembele changu nikairudisha tena.

"Ilikuwa nini?" mwalimu mkuu akauliza.

Kule ubaoni yule mwalimu binti alikuwa amefumbata mikono, machozi yanamlenga. Barua ya onyo, mwaka wa kwanza wa kazi. Nikafungua mdomo nikiri, naapa nilikuwa nakiri. Sekunde akaniwahi.

"Ilikuwa kosa langu. Nimeitega vibaya mimi. Huyu binti hana hatia, naomba asiandikiwe chochote."

Darasa likaangua kicheko.

"Sekunde!" alipiga kelele mama mmoja muuza viatu, kashika mbavu. "Yaani wewe ndiye wa kutucheleweshea watoto?"

Akacheka nao. Jina lote lile la miaka tisa, amelitoa mbele za watu kwa sentensi moja, ili mimi na mwalimu wa watu tubaki salama. Barua ikachanwa pale pale. Keshokutwa yake kiwandani walikuwa wanamwita Dakika Ishirini.

Tulipofika nyumbani nikamkalisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Nilifika kazini nikakuta geti limefungwa, mlinzi anapiga mswaki."

"Ukanyamaza miaka tisa?"

"Ungenigombeza, ningebishana na wewe, unanijua." Akawa anazungusha kikombe chake. "Hukunigombeza. Ulipanda kiti ukanyamaza. Nikaona huyu mtu anahangaika nisipoteze kazi, na wala hataki ahsante. Nikasema basi, acha niwe mtu wa kuwahi."

"Na zile hotuba za damu?"

"Hizo nilikuwa nakuchokoza. Nilitaka nione siku gani utashindwa kuvumilia."

Nililia, nikacheka, nikampiga na kitambaa cha vyombo.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya ndoa. Lakini wiki iliyofuata mwalimu akaweka ombi jingine kwenye kundi. Watoto wanajifunza uzito, anaomba mzazi achangie mizani.

"Tupeleke ile ya bafuni," nikasema. "Safari hii nakagua mwenyewe."

Sekunde alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliruka kama kakanyaga msumari.

"Mizani hapana!"

"Kwa nini? Mbona nzima?"

"Ni nzima, ila... imeshatuzoea. Tununue mpya."

Nikamkazia macho. Safari hii yeye ndiye aliyetazama vidole vya miguu.

Nikatoka hadi duka la dawa mtaani, nikapanda mizani yao. Sabini na tano! Nikarudi nyumbani, nikaipindua ile ya kwetu. Chini yake kuna kigurudumu kidogo cha kurekebishia. Mizani nzima ina vumbi, kigurudumu kinang'aa.

"Ulilia siku ile," akasema akiwa mlangoni, sauti ya chini. "Baada ya kujifungua. Ulikaa pale sakafuni ukalia. Nikatoa saba tu, mke wangu. Saba tu."

Wazazi wenzangu, wachangieni walimu wetu, wanahitaji. Ila mkichangia, nunueni vipya. Kitu cha nyumbani kwako kinakwenda na siri zako, na huwezi kujua nani mwingine amekigusa kwa kukuonea huruma. Na ukimrekebishia mwenzio kitu kimyakimya, uliza kwanza kama naye hajakirekebisha.

Darasa la pili tumelinunulia mizani mpya. Sebuleni kuna saa mpya, kaitundika Sekunde mwenyewe, akaisogeza mbele dakika ishirini mimi nimeshika kiti.

Ile mizani ya zamani iko bafuni, sijaigusa. Kila Jumapili napanda, inaniambia sitini na nane, na mimi naitikia.