Nilivyoitikia "Ndiyooo!" kwenye kikao cha watawa wa Kibudha hapa London

Wakuu, nawasalimu kutoka Thornton Heath, ambako leo jua limetoka na watu wameshavua makoti kana kwamba limeahidi kubaki.

Ninayosimulia nimeyaona mwenyewe, na aibu iliyomo ni yangu.

Mimi naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Miaka miwili iliyopita nilikuwa natafuta mahali penye utulivu, nikaangukia nyumba ya watawa wa Kibudha, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nyumba ya matofali ya kawaida tu, ila bustani yake ina ukimya ambao ungeweza kuukinga kwenye kikombe.

Wakanikaribisha. Nami nikawa volunteer wa jikoni kila Jumamosi.

(Ndiyo, Mwislamu wa Tanga anawapikia watawa wali wa nazi. Mama anajua, tulieni.)

Kule saa sita mchana ikipita, hakuna kula hadi kesho. Halafu foleni ya chakula hupangwa kwa miaka ya utawa, lakini mwanamke huwa nyuma ya wanaume wote, hata yule aliyeingia utawani jana.

Mwanamke pekee pale ni Mama Sumana. Ana miaka ishirini ya utawa. Kila Jumamosi alifika wa mwisho kwenye sufuria, nikampakulia ukoko. Anatabasamu, anashukuru, anaondoka.

Kwenye vikao ni hivyo hivyo: anakaa nyuma kabisa, na hana neno katika maamuzi ya nyumba.

Mwaka huu watawa wenzake wakaleta hoja: tuhesabu miaka tu, na Mama Sumana aingie barazani. Yeye alishasema ikikataliwa anahamia Wales. Sanduku lake lilikuwa limesimama kwenye korido.

Aliyekuwa mgumu ni mtawa mzee kuliko wote. Moyoni namwita Babu. Wiki nzima alinung'unika, "Tukigusa kanuni moja, zote zitamwagika."

Siku ya kikao niko jikoni, kidirisha cha kupitishia chakula kiko wazi. Saa tano na nusu. Mkuu wa nyumba akasoma hoja, akauliza kama baraza linakubali.

Kimya.

Wakuu, mnajua tulivyolelewa na mikutano yetu. Mdomo haukuniomba ruhusa.

"Ndiyooo!" Mwiko juu.

Vichwa vyote vikageuka.

"Kaka, unapinga?" Mkuu wa nyumba akauliza kwa upole.

"Hapana! Nakubali, tena sana!"

"Basi nyamaza. Hapa anayekubali hukaa kimya, anayepinga ndiye husema. Hoja husomwa mara tatu. Sasa tunaanza upya."

Babu akadakia, "Mwacheni! Kama hata mpishi anapinga, nani atatulisha?"

Walicheka, wakuu. Mama Sumana alijifunika uso kwa joho, mabega yanatikisika. Babu mwenyewe alifuta machozi.

Hoja ikasomwa mara ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya.

Ya tatu, Babu akaanza kuwa mwekundu. Kifua kinapanda, mashavu yamejaa. Nikasema moyoni, basi, sanduku linaondoka. Nikaung'ata mwiko.

"Imepita," Mkuu wa nyumba akasema.

Ndipo Babu akalipuka kikohozi kama trekta bovu. Alipopata pumzi akasema, "Kikohozi ndicho kilichotaka kupinga. Mimi nilishacheka, ningenunaje tena?"

Saa sita kasorobo foleni ikajipanga. Mama Sumana akasimama wa tatu, nyuma ya Babu. Nikampakulia wali wa juu, mweupe, unaofuka moshi.

Akautazama. Akaitazama sufuria.

"Na ukoko wangu?"

"Umeshapanda cheo, Mama."

"Cheo sawa. Ukoko niletee."

Babu akarudi na bakuli lake. "Miaka yote hii mlikuwa mnanificha nini?"

Nilichojifunza: siku nyingine msaada mkubwa unaoweza kumpa mtu ni kuzuia kikohozi chako hadi jambo lake lipite.

Haya, nanyi semeni. Hapa kwenye uzi sauti zinaruhusiwa, atakayenyamaza nitajua amekubali.