Jeneza Litapinda Vipi Hapa?

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Pangani, Afisa Ardhi wa Wilaya hakunionyesha hata kiti. Alinikabidhi futi kamba akasema, "Ramani utaikuta mezani ukirudi. Kwanza nenda kachafue viatu." Nilimtii miaka mingi. Siku nilipoacha kumtii, nilikaribia kuaibisha mtaa mzima.

Wakati huo nilikuwa Tanga mjini, afisa mipango miji. Sehemu ya Chumbageni ilibadilishwa kuwa ya ujazo mkubwa, maana yake palipokuwa na nyumba moja ya chini paliruhusiwa ghorofa la familia nyingi. Niliunga mkono, na hadi leo naunga mkono, kwa kuwa vijana wa pale walikuwa wakihamia mbali na wazazi kwa kukosa chumba. Kosa langu ni kuchora nikiwa ofisini, kwa picha ya kutoka angani. Kichochoro cha nyuma nilikiachia upana wa watu wawili, nikakipinda kona kali kukwepa ghorofa jipya. Nikajiona fundi kwelikweli.

Mchoro ulibandikwa ofisi ya mtaa ili watu watoe maoni. Bi Mwanahawa, ambaye mumewe Mzee Kombo alikuwa hoi kitandani, aliutazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho kichochoro cha kwendea msikitini?"

"Ndicho."

"Na jeneza litapinda vipi hapa?"

Nikamwambia, kwa kiburi cha ofisini, kwamba litapita barabara ya mbele.

"Mbele maduka na bodaboda! Wafu wetu twawaaga huku nyuma, wanawake tumesimama kwenye milango ya ua. Mume wangu nimemstahi miaka yote, leo nimtoe katikati ya wateja?"

Niliona haya. Zilibaki siku mbili Mkurugenzi wa halmashauri autie saini mchoro ule.

Asubuhi yake nilimwomba imamu jeneza tupu la msikiti. Nikachora kuta za ghorofa kwa chokaa ardhini, wanaume wanne wakabeba. Konani, mbebaji wa nyuma akajikuta ndani ya ukuta wa chokaa. Majirani walipoona jeneza wakatoka mbio, wengine wakilia, "Nani kafariki?" Sauti ya Mzee Kombo ikatoka dirishani: "Waambieni mimi bado!" Tukacheka mpaka jeneza likawekwa chini.

Nilipomweleza Mkurugenzi, yeye hakucheka. "Unataka nibomoe ghorofa ambalo halijajengwa?"

"Hapana, mkubwa. Nataka tulikate pembe."

Mwenye kiwanja, mzaliwa wa mtaa ule, aliridhia kupoteza stoo moja. Mchoro ukarekebishwa, ukasainiwa. Nilitoka pale nikanunua mihogo ya kukaanga nikala nikiwa nimesimama.

Sasa nimestaafu. Ghorofa limejaa, kelele za watoto hazikatiki, na wajukuu wa Mzee Kombo wanaishi humo, jirani na nyumba ya bibi yao. Mzee mwenyewe aliishi kuyaona hayo. Alipofariki niliomba kubeba, nikapewa upande wa ukuta. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye milango ya ua, Bi Mwanahawa mbele yao. "Nendeni naye polepole," alisema.

Tulipofika konani nilihesabu hatua zangu. Tukapinda. Bega langu halikugusa ukuta.