Jivu Chini ya Gari la Umeme

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu hunijia bila kuitwa, na si ya zamani, ni ya juzi juzi tu. Najua ulitegemea bibi akuhadithie makosa ya ujana wake. La ujana lipo, nitalisema likifika mahali pake. Lakini la uzeeni ndilo linaloniuma, kwa sababu lilikuwa lile lile, na nilishaonywa.

Ninaishi Endasak, upande wa juu, nyumba ya bati yenye ua mpana. Mume wangu Paskali alishatangulia. Watoto wangu, mmoja yuko Arusha, mmoja Singida, Veronika yuko Dodoma. Dada yangu Elizabeti alikuwa Jorodom, na unajua mlima ulivyoporomoka kule ukamchukua. Kwa hiyo nyumbani niko mimi, kuku na mbuzi wawili. Mahindi napalilia mwenyewe, maharage nachambua mwenyewe, na ugali nikishausonga, sufuria yenyewe inaonekana kubwa.

Sasa kikundi cha kina mama cha huku kwetu kilipata gari la umeme, la kubeba wagonjwa na wajawazito kwenda hospitali Haydom kila Jumanne na Ijumaa. Halinywi mafuta, linachajiwa kwenye soketi kama simu. Dereva wake ni Safari, mtoto wa Veronika, mtu mzima mwenye mke na watoto Katesh. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Fabiola, aliona kwangu kuna umeme na nafasi, akasema gari liwe linalala kwangu kabla ya safari. Hivyo Jumatatu na Alhamisi nilikuwa na mtu wa kula naye. Siku nyingine zilikuwa za kungoja hizo mbili.

Kuna wakati tairi ziliharibika mbili kwa mpigo, Safari akakaa kwangu siku tatu akingoja nyingine. Alinitengenezea banda la mbuzi. Alinicheka ninavyoiogopa simu. Alipoondoka, nilikaa jikoni nikisikiliza jinsi nyumba ilivyonyamaza.

Baada ya hapo ndipo nilipoona maji chini. Gari lilishaondoka asubuhi, mimi nafagia, nikakuta pale lilipolala pana alama ndogo, kama kiganja cha mtoto, rangi yake nyekundu iliyofifia, ukigusa inateleza. Sikusoma zaidi ya darasa la pili, lakini najua kitu kizima hakiachi maji chini. Nilichota jivu jikoni nikamwagia, kama tunavyomwagia kila kitu kilicholowa uani. Wiki iliyofuata alama ilikuwa kubwa zaidi. Nikamwaga jivu tena, na mara ya tatu, na ya nne.

Sikumwambia Safari. Nilijiambia, acha liharibike kidogo tu, atakaa siku mbili tatu. Nakuandikia hili, mwanangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Ijumaa moja nami nilikuwa garini, naenda kliniki ya macho. Nyuma yangu alikaa Martina, jirani yangu, mke wa Gwandu, na wifi yake wa kumsindikiza. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo wauguzi walimwambia huyu wa pili asingoje uchungu, awahi hospitali. Tulipita Katesh, tukapita Basotu. Kwenye kupanda gari likaanza kulia kama jogoo mwenye mafua, taa nyekundu ikawaka, mwendo ukafifia, likasimama.

Safari alifunua mbele akaangalia kachupa ka maji ya kupozea. Katupu.

"Betri imechemka, bibi," akasema. "Linajizima lenyewe lisiungue. Sijui maji yamekwenda wapi."

Mimi nilijua yamekwenda wapi. Nikatazama barabara.

Na hapo kando ya barabara ndipo uchungu ulipomshika Martina. Alinishika mkono, akasema, "Bibi, niongeleshe tu, chochote." Mimi ninayekumbuka jina la kila mtu aliyewahi kuingia kwangu, nilikosa neno hata moja. Jua lilihama kutoka bega moja hadi la pili kabla haijatokea pikapu ya mtu wa maharage. Walimlaza juu ya magunia, wifi yake akapanda, wakaenda. Mimi na Safari tukabaki na gari letu jeupe lisilokwenda.

Jioni wifi alipiga simu: amepasuliwa, ni mtoto wa kike, wote wazima. Daktari amewaambia wangechelewa zaidi ya pale asingekuwa na la kufanya. Safari alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilishukuru kimya kimya, maana sikuona kama nina haki ya kusikika.

Lori lilibeba gari kesho yake likalishusha uani kwangu, pale pale lilipozoea kulala. Kilichokufa ni pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza betri, na mpya ilitakiwa kutoka Arusha kwa basi. Siku nne. Safari akakaa kwangu siku nne, mwanangu, kama nilivyotaka. Hakugusa banda wala hakunicheka. Alikaa kwenye kigoda ameinamia simu, na kila ikilia ni Mama Fabiola anauliza kwa nini dereva hakuona gari linavuja. Nikimwekea chai anasema, "Asante, bibi," inapoa pale pale. Nilikuwa na mtu nyumbani, na sijawahi kuwa peke yangu kama siku zile nne.

Siku ya tano fundi akaja na pikipiki kutoka Katesh, pampu ndani ya boksi kifuani. Fundi mwenyewe ni mwanamke, anaitwa Agnesi, mfupi, mikono kama ya mkamuaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi yuko nyuma anakuja?"

"Ndiye mimi, bibi. Ukinikosa mimi umepata pikipiki tu."

Alimwambia Safari asiguse chochote mpaka aseme. Alivaa glavu nene, akachomoa plagi moja kubwa ambayo nyaya zake zina rangi ya chungwa, akaiweka mfukoni kwake, akakaa chini akaomba chai. "Huu si umeme wa kuchezea," akasema. "Tunaupa muda utulie." Alipomaliza chai alilala chini ya gari juu ya gunia, na beseni langu la kufulia kando ya kichwa.

Mara akaita, "Safari. Huku chini ya gari nani anamwaga jivu?"

"Jivu gani?"

"Limegandana, jekundu. Moja, mbili, tatu... Hili gari limevuja wiki nyingi. Kaka, wewe unaendesha au unabebwa? Hujui kuinama?"

Safari alisema hakuona kitu. Alisema kila akitoka asubuhi ni giza bado, na akirudi ua umefagiwa. Agnesi akatoka chini, akajipangusa. "Mimi Mama Fabiola amenituma nimpelekee habari. Nitasema nilichokiona. Dereva mzembe hawatamweka, na siwezi kuwadanganya. Mama mzima angekufa pale."

Safari aliinama. Aliangalia mikono yake. Nilimwona mdogo, kama siku Veronika alipomleta kwangu akiwa mtoto mwenye surua.

Hapo ndipo mama mkwe wangu Natalia aliponijia, kama amesimama mlangoni. Niliolewa Mbulu, mwanangu, kabla hatujahamia huku. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa mteremko, Paskali yuko na ng'ombe siku nzima, mimi bado mgeni, hakuna wa kuongea naye. Wifi yangu Yuditha alikuja kutusaidia kuvuna ngano, akakaa wiki. Asubuhi ya kuondoka nilificha kandambili zake kwenye kihenge, nikajifanya natafuta naye. Nilidhani hawezi kwenda. Yuditha akatazama ukungu, akatazama jua, akasema mwanawe anamngoja, akapandisha mlima peku, kwenye baridi ya Mbulu, ile inayopasua nyayo. Mama Natalia alizikuta jioni alipokwenda kuchota mahindi. Hakunipiga wala hakupaza sauti.

"Ulitaka akae?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi umemuumiza kwa jambo ambalo hata halijui. Mdomo unao, binti. Siku nyingine mwombe. Akikataa, utalia, lakini miguu yake itakuwa mizima."

Nilimwitikia ndiyo mama, na nikaishi miaka yangu yote nikidhani nimesikia.

Nikamwambia Agnesi, "Jivu nilimwaga mimi."

Akacheka kidogo. "Ulikuwa unasafisha, bibi, hakuna kosa."

"Sikuwa nasafisha. Nilikuwa naficha. Nilijua linavuja, tangu lilipokuwa tone. Mwambie Mama Fabiola hivyo hivyo, na kama hutaki kusema, nipe simu."

Safari akauliza polepole, "Kwa nini, bibi?"

"Nilitaka likwame ukae."

Safari aliweka chini spana aliyokuwa amemshikia fundi, akatoka, akaenda kusimama kwenye ua wa minyaa akanipa mgongo. Agnesi akarudi kulala chini ya gari. Baadaye akaninyooshea kopo. "Bibi, shika hili hapa. Maji yatashuka." Nilishukuru kupewa kazi. Alilegeza mipira miwili, maji machache yaliyobaki yakashuka koponi, akafungua bolti tatu, pampu ikatoka. Ndogo, ingeenea kwenye bakuli la mboga. Akanionyesha mahali sili, ule mpira wa kuzuia maji, ilipoliwa, ukingoni pameota utando mweupe kama chumvi. Kitu kidogo namna ile.

Nilimwambia kisimani maji yapo. "Hapana, bibi, ya kisima chenu yana magadi, yataila na hii mpya," akasema, akafungua dumu la maji yake mekundu. Alifunga pampu mpya, akaunganisha mipira, akarudisha ile plagi, akawasha. Pampu ikanguruma kidogo, na kwenye kachupa mapovu yakaanza kupanda. Alisema ni hewa, lazima itoke yote, ikibaki ndani maji hayazunguki. Akawa anaongeza na kungoja, anaongeza na kungoja. Safari alikuwa amerudi. Alishika tochi kumulika, na hakunitazama.

Agnesi alimweleza Mama Fabiola nikiwa nimesimama pale, nami nikaongezea kwa mdomo wangu. Safari hawakumfukuza. Lakini gari lilihamishiwa Katesh, kwenye ghala la kikundi, na sikuwa na la kubisha. Martina aliporudi nilikwenda kwake, nikamwambia yote akiwa amempakata mtoto. Alisikiliza hadi mwisho. Hajanisema vibaya kwa mtu. Ila asubuhi hapiti tena uani kwangu akienda kisimani, anazungukia chini, na ile njia ya chini ni ndefu.

Siku zikawa zote sawa, hakuna Jumatatu wala Alhamisi. Nikakaa nazo mwezi mzima. Kisha nikaishika simu, nikambonyeza Safari, nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu tangu niolewe: "Mjukuu wangu, niko peke yangu, na inaniuma. Njoo ukae nami." Alinyamaza sana, nikadhani salio limekwisha. Akasema, "Nitakuja Jumapili, bibi." Jumapili hiyo hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu alikuja na mkewe na watoto, tukala, na hakuna aliyelitaja gari. Sasa huja anapoweza, na asipoweza husema hawezi. Najua anapokuwa kwangu amependa mwenyewe.

Basi, mwanangu, nakuachia haya. Ukiona kitu cha mwenzako kinaharibika, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama kuharibika kwake kuna faida kwako. Hujui ni nani mwingine amekitegemea. Na ukiwa mpweke usione aibu kusema. Upweke si wizi. Mwombe mtu kwa maneno, mpe nafasi ya kukataa, na akikataa mwache aende salama. Usifikiri ukizeeka utakuwa umeshajifunza. Mimi nilionywa nikiwa binti, nikaanguka pale pale nikiwa na mvi.

Mungu akulinde njiani, akupe kinywa cha kusema mapema. Akupe watu watakaokaa nawe kwa kupenda, na siku watakapokuwa mbali, akae nawe yeye mwenyewe. Nenda na amani, mwanangu.